Nyasi Chini ya Bati

Juzi nilijikata kidole nikipasua boga, damu ikakataa kukatika, nikaenda kwenye duka la dawa lililo karibu na ninapokaa. Kijana aliyekuwa zamu alifungua chupa akalowesha pamba, na kabla hajanigusa harufu ikanifikia. Spiriti. Nikashika meza.

"Inauma, madam?" akauliza, na pamba bado iko hewani.

Nikamwambia nimekumbuka mambo ya shule tu. Wale wa rika langu, waliofundishwa sayansi na mwalimu aliyebeba maabara yake yote ndani ya kikapu, watajua nasema nini. Kwao labda harufu ile ni ya kuchekesha. Mimi hunirudisha katika chumba chenye giza, na katika muda mfupi wa utoto wangu nilipoamini kwamba nimegundua jambo ambalo watu wazima wote walikuwa wamenificha.

Tulikuwa tukikaa Majengo, Meru, katika chumba kimoja cha kupanga ndani ya ua wenye vyumba vingine vingi. Tulikuwa watatu: Mama, dada yangu Hadija, na mimi, Rukia. Mama alipika mahamri na sambusa, akawapelekea wenye maduka na mabucha, na watu wakiwa na harusi au matanga walimwita kuwapikia. Baba sikumjua. Nilizaliwa na ualbino. Neno hilo leo nalisema kama ninavyosema urefu wangu, lakini wakati ule nyumbani hatukuwa na neno lolote. Mtaani walikuwa nayo maneno, tena mengi, wakiyarusha kama mawe. Ndani kwetu kulikuwa na amri tu, na Mama aliisema kwa sauti ileile anayosemea chumvi imeisha: "Jua si lako."

Basi nikakaa ndani. Shule nilipelekwa alfajiri, kanga imenifunika hadi machoni, na jioni nilibaki darasani peke yangu mpaka Mama aje kunichukua. Siku zisizo za shule mlango ulitiwa komeo kwa nje ili mtu asije akanisumbua, na dirisha la mbao likafungwa. Nilijua saa kwa kusikiliza. Mwadhini wa adhuhuri. Shoka la bucha likipiga mfupa. Wanawake wakigombania zamu ya bomba. Katikati ya hizo zote nilisikia sauti ya Hadija, niliyeweza kumtofautisha na watoto wote wa Majengo, akikimbia, akianguka, akibishana, akicheka. Jioni aliingia na vumbi magotini, nguo zake zimeshika joto la nje, nami nikisogea karibu nizinuse bila yeye kujua.

Sikuona kwamba nadhulumiwa. Nilielewa kwamba jua limegawanywa kama vinavyogawanywa vitu vingine vya nyumbani, na fungu letu akapewa Hadija kwa kuwa ndiye mkubwa. Viatu alianza yeye nikavirithi mimi. Nikadhani na jua siku moja litambana, niletewe.

Mwalimu wetu wa sayansi katika darasa la sita alikuwa Mwalimu Kathure, mwanamke mfupi aliyetembea haraka. Mimi nilikaa dawati la mbele kabisa, kwa sababu macho yangu hayajawahi kutulia wala kuona mbali. Hata hapo mbele ubao ulikuwa ukungu tu. Nilisoma kwa masikio, na kwa vile vitu ambavyo Mwalimu aliniwekea mkononi niviangalie kwa karibu.

Siku ile alikuja na stovu ya mafuta ya taa, sufuria, kikombe cha bati, chupa mbili, na mche wa maharagwe ndani ya mkebe. Jina la somo lilikuwa la Kiingereza, refu, na darasa zima tulilitamka vibaya. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwa Kiswahili ni usanisinuru. Alipoona tumekodoa macho, akaacha Kiingereza.

"Jani ni jiko," akasema. "Mizizi inaleta maji kutoka chini. Jani lina vitundu vidogo sana, huwezi kuviona, na humo inaingia hewa, ile kaboni dayoksaidi mnayoitoa puani. Jua ndilo moto. Sasa, jiko linaweza kupika bila mpishi?"

"Haliweziii!"

"Mpishi wa jani ni hii rangi ya kijani. Inaitwa klorofili. Ikishapata mwanga, inachukua maji na ile hewa inatengeneza sukari. Sukari ikizidi, jani linaiweka akiba ikiwa wanga. Na katika kupika huko kunabaki oksijeni, jani linaitoa nje, ndiyo hii mnavuta sasa hivi. Mmea hauendi sokoni. Unakula mwanga."

Unakula mwanga. Niliyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa, kama nilivyoandika kila kitu.

Mche ule alikuwa ameufungia kabatini mpaka akiba yake ya wanga ikaisha, kisha akalivika jani moja mshipi wa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akauweka juani. Sasa akalikata jani lile, akautoa mshipi, akalichemsha katika maji. Halafu akazima stovu kabisa, akamimina spiriti katika kikombe, akakitia kikombe ndani ya yale maji ya moto, na jani akalitumbukiza humo. Harufu ikajaa darasa. Alipolitoa jani, lilikuwa jeupe. Jeupe kabisa, laini, kama kitu kisichowahi kutoka nje.

"Kama Rukia!" akapiga kelele mvulana mmoja nyuma.

Darasa likacheka. Mwalimu Kathure akapiga meza kwa kiganja mpaka chupa zikaruka. "Nani huyo? Simama! Simama na ukae hivyo!" Kisha akaendelea, sauti yake bado ina hasira: "Rangi haijapotea. Imetoka, imeingia kwenye spiriti. Angalieni kikombe." Akanisogezea mimi kwanza. Spiriti ilikuwa kijani kibichi.

Alidondosha iodini juu ya jani. Sehemu iliyopata jua ikageuka rangi ya wino, kuonyesha kuna wanga. Pale palipofunikwa pakabaki na rangi ya iodini yenyewe, kama chai ya rangi. Hapakupika kitu. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika jambo lingine, ule weupe. Msichana mmoja aliuliza kama jani linaweza kupoteza rangi likiwa bado mtini, bila kuchemshwa.

"Linaweza," akajibu Mwalimu. "Nendeni nyumbani mkainue bati au jiwe lililokaa muda mrefu juu ya nyasi. Za chini mtazikuta nyeupe-nyeupe, au manjano. Hazijafa. Zimekosa mwanga tu. Toa hilo bati, ziache. Zitarudi kijani zenyewe."

Sikuwa na haja ya kuuliza swali. Nilikaa na mikono yangu juu ya dawati nikiitazama.

Nyuma ya choo cha ua wetu palikuwa na bati kuukuu lililoanguka zamani, likaachwa hapohapo. Jioni ile nilipopelekwa chooni nililiinua ukingo nikapiga magoti, uso karibu uguse ardhi, maana ndivyo ninavyoona. Zilikuwepo. Nyembamba, ndefu, nyeupe kama uzi, zote zimelala kuelekea upande mmoja zikitafuta pa kutokea. Nikaweka kidole changu katikati yake. Nikalisogeza bati pembeni, nikarudi ndani.

Siku zilizofuata niliomba kwenda chooni mara nyingi mpaka Mama akaninunulia dawa ya tumbo. Na kila mara nilichuchumaa pale. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha zikawa na umanjano wa ndimu. Kisha, jioni moja, hata kwa macho yangu haya sikuweza kukosea: kijani. Si zote, lakini zile zilizokuwa katikati, zilizokuwa nyeupe kuliko zote, ndizo zilizokolea. Nilisimama nimeshika ukuta wa choo, moyo unanipiga masikioni. Mwalimu hakusema uongo. Kumbe mimi sikuwa nimezaliwa hivi. Nilikuwa nimefunikwa.

Wala sikumchukia Mama. Nilidhani hajui. Hakusoma sana, na somo lile lilikuwa gumu.

Likizo ya Desemba ilipofika Mama alipata kazi za kupika kwenye harusi, akawa hayupo kuanzia asubuhi. Dada yake aliyekuwa ameolewa Mitunguu, tuliyemwita Mama Mkubwa, alikuwa ameteleza shambani akaumia mguu. Ikaamuliwa Hadija aende kumsaidia, nami niende naye, kwa vile hakuna wa kukaa na mimi. Mama alipiga simu mbele yetu. "Dada, Hadija mtume utakavyo. Huyu mwingine asitoke nje. Nakuomba kabisa. Asitoke."

Mitunguu ni chini, kwenye joto, migomba imeshikana mpaka upeo na maji ya mfereji yakipita katikati yake mchana kutwa. Mama Mkubwa aliishi na Wameru muda mrefu hata Kiswahili chake kikawa na lafudhi yao, na alikuwa mtu wa kutii neno kama lilivyosemwa. Nyumba yake ya mabati ilichemka ikifika saa nne. Chumba pekee chenye ubaridi kilikuwa ghala la udongo nje, kuta nene, halina dirisha, alimoivishia ndizi za kupeleka sokoni. Humo ndimo nilimokaa mchana, na mkeka, na ungo wa maharagwe nichague. Mlango ukatiwa komeo.

"Usijali, mwana wakwa," akaniambia kupitia mbao za mlango. Mwanangu, maana yake. "Humo hata mimi ningelala."

Ndizi zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa magunia na mablanketi makuukuu, nazo zilitoa joto kama mtu aliyelala. Zililetwa zikiwa kijani, ngumu, zinatoa utomvu. Nikiinua gunia siku za mbele nilizikuta zinafifia, kisha ni za manjano. Nilikuwa nimekula ndizi mbivu maisha yangu yote bila kuuliza kijani chake huenda wapi. Sasa nilikuwa nimefungiwa nazo, naona kikiondoka, gizani, siku baada ya siku. Hofu ikanishika ambayo sikuwa nayo hata Majengo. Nilifikiri: bado kuna kitu kinanitoka. Nikikaa humu zaidi kitaisha, nami sitarudi tena hata bati likiondolewa. Nilianza kulala karibu na mlango, uso umebanwa kwenye ufa, ule mstari mwembamba wa mwanga ukinipita shavuni.

"Dija," nilimwita siku moja nilipomsikia anapita na ndoo.

"Nini?"

"Nimejua kwa nini niko hivi."

Ndoo ikatua chini. "Kwa nini?"

"Ni Mama. Alinifunika tangu nilipozaliwa." Nikamweleza yote, jani, spiriti, nyasi nyuma ya choo. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kujibu swali lolote darasani. Nyasi zile Hadija alikuwa ameziona mwenyewe. Ndiye aliyetumwa kufagia upande ule.

"Zilikuwa nyeupe," akasema polepole. "Ni kweli. Nilizikanyaga nikaona nyeupe."

"Na sasa?"

"Ni kijani." Akakaa chini upande wake wa mlango. Nilisikia mgongo wake ukiegemea mbao. "Rukia, ukigeuka, Mama atakujua kweli?"

"Nitamwita. Sauti ataijua."

Msimwone Hadija mjinga. Alikuwa na miaka miwili tu zaidi yangu, na alikuwa amepigana kwa ajili yangu na watoto wa mtaa mzima, hata jino lake la mbele likavunjika pembeni. Nadhani alichoka kuwa na dada wa kupiganiwa. Alitaka dada wa kukimbia naye.

Mama Mkubwa alilala baada ya chakula cha mchana, mguu juu ya kigoda. Hadija akafungua komeo.

Mwanga ulinipiga nikashindwa kufumbua macho. Alinishika mkono akaniongoza, majani ya migomba yakinipapasa uso, mpaka mahali migomba ilipokatwa pakabaki wazi, kando ya mfereji. Tulitandaza majani makavu. Nikavua gauni nikabaki na shimizi, nikalala chali, mikono nimeitanua.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, kwa sababu ya yaliyofuata: saa ile ilikuwa tamu. Sikuwa nimewahi kuguswa na jua mwili mzima. Nilisikia maji yakienda karibu na sikio langu, nikasikia ndege, nikasikia Hadija akipumua. Nilikuwa nangoja kitu kianze kupika ndani yangu kama alivyosema Mwalimu. Kila baada ya muda Hadija aliniambia, "Geuka," nami nikageuka, kama mahindi yanayoanikwa.

Jioni, taa ilipowashwa, alinivuta pembeni akafunua bega langu. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Umeanza! Rukia, umeanza!"

Nilikuwa mwekundu. Tulicheka chini ya blanketi mpaka Mama Mkubwa akatuuliza kuna nini. Bega lilikuwa linawaka, na shingo, na mapaja, lakini nilidhani ndivyo rangi inavyoingia, kwamba haiwezi kuingia bila kuuma. Kesho yake Hadija alisita, akaniuliza kama tungoje kwanza. Nilikataa. Nilimwambia akiniacha nusunusu nitabaki wa rangi mbili. Akafungua komeo.

Siku hiyo ya pili sikumaliza. Nakumbuka nilijaribu kugeuka, ngozi ikakataa, na nilisikia sauti ya ajabu nikajiuliza ni mnyama gani, kumbe ni mimi. Mabega yalikuwa yameota malengelenge makubwa yenye maji. Macho yalivimba yakajifunga. Nilitapika. Hadija alinibeba mgongoni akipiga kelele, na kila alipokanyaga nilihisi ninachunwa.

"Mwathani!" Mama Mkubwa alitoka akirukaruka kwa mguu mmoja, akimwita Mungu kwa Kimeru. "Mmefanya nini? Hadija, mmefanya nini na mtoto wa watu?"

"Tulikuwa tunamgeuza," Hadija akasema, analia. "Tulikuwa tunamgeuza tu."

Walinifunika kanga zilizoloweshwa maji ya mfereji. Mama alifika kwa gari la kwanza la asubuhi, nguo zake zinanuka pilau la harusi ya watu. Nilijiandaa kugombezwa. Badala yake nilisikia akivuta kanga, kisha nikasikia akikaa sakafuni, kwa uzito, kama mtu aliyekatwa miguu.

Hospitalini daktari alizungumza juu ya kichwa changu akidhani nimelala. "Ngozi yake haina kinga, Mama. Haiwezi kugeuka. Akikaa juani itaungua tu, na ikiungua mara kwa mara italeta ugonjwa mbaya." Mengine aliyosema siyakumbuki. Lile la haiwezi kugeuka nililisikia, na ndilo lililoniliza kuliko malengelenge.

Tuliporudi Majengo, komeo lilibadilishwa likawekwa kufuli, na ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kanga ya Mama. Shule zilifunguliwa, wenzangu wakarudi, mimi sikupelekwa. Hadija alichapwa, kisha Mama akaacha kuzungumza naye, jambo lililomuumiza zaidi ya fimbo. Aliingia jioni akakaa mbali nami, kana kwamba mikono yake ingeniunguza. Ngozi yangu ilibambuka vipande vipande, na chini yake nilikuwa mweupe uleule. Nililala nikitazama dari. Zamani nilifungiwa na komeo na amri tu, na ndani ya amri hiyo nilikuwa na siri yangu ya kunitoa. Sasa sikuwa na siri yoyote.

Jioni moja mlango ukabishwa hodi. Alikuwa Mwalimu Kathure, amekuja kuuliza mbona sionekani. Mama alimpa kigoda. Mwalimu akaona mabega yangu.

"Nani amemfanya hivi?"

"Alijitia juani mwenyewe," Mama akasema. "Muulize. Mimi hanijibu."

Nikamjibu yeye. Nikamwambia juu ya nyasi chini ya bati. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilieleza kwa mpangilio, kama jaribio: nilichokiona kwanza, nilichofanya, nilichokiona baadaye. Mwalimu Kathure alitoka kwenye kigoda akaja kukaa kitandani kwangu.

"Kwa hivyo ni wewe," Mama akamwambia.

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa nasema juu ya nyasi. Sikufikiri ni nani ameketi mbele yangu." Akanigeukia. "Rukia, nyasi zile zilikuwa na uwezo wa kutengeneza klorofili, zikingoja mwanga tu. Mtu hana klorofili. Hadija hana, mimi sina. Weusi wetu haupiki chakula chochote. Ni mwavuli tu, wa kuzuia jua lisituchome. Wewe umezaliwa bila mwavuli. Hata ungezaliwa katikati ya uwanja, ungekuwa hivi. Hakuna aliyekufanya. Umesikia? Hakuna aliyekufunika ukawa hivi."

Nilitikisa kichwa kukubali. Mama alikuwa ameshika pindo la kanga yake lenye ufunguo.

"Sasa mbona tunakaa gizani?" Mwalimu akauliza. "Fungua dirisha basi tuonane."

"Jua, Mwalimu."

Mwalimu alinyanyuka mwenyewe, akasukuma ubao. Dirisha lilifunguka likatazamana na ukuta wa jirani, ng'ambo ya uchochoro mwembamba. Ungeweza kuugusa kwa mkono. Ukuta ulikuwa na kuvu, umelowa, mahali pasipofikiwa na jua tangu ulipojengwa. Watu wawili walipita katika uchochoro ule, wakatupa jicho ndani, wakaenda zao.

"Jua lipi, Mama?" Mwalimu akauliza taratibu.

Mama alinena akitazama sakafu. "Alipozaliwa walikuja kumwona, watu wa baba yake. Walimwangalia, wakaondoka. Baba yake akawafuata. Mimi nikabaki na watu wa kuniuliza. Kila nikitoka naye: huyu umemtoa wapi, huyu ni wa Mzungu gani, ulikula nini. Nesi alikuwa ameniambia nimfiche jua. Neno hilo tu, basi. Nikaona ni heri. Nikimficha jua, nimemficha na watu pia." Akafuta uso. "Sikuweza kujibu kila siku, Mwalimu. Ningejibu mpaka lini?"

Nilikuwa kitandani palepale, nasikia. Jua nilikuwa nimeshaanza kulisamehe. Watu sikujua kama nao nimenyimwa. Nilimgeuzia Mama mgongo ulioungua, nikakaa hivyo mpaka Mwalimu akaaga, na hata Mama alipokuja kunipaka dawa sikugeuka. Alipaka vivyo hivyo, kwa ncha za vidole.

Wiki ile nilirudi shule. Sitadanganya kwamba kufungwa kuliisha. Mpaka leo natoka kwa kupiga hesabu ya vivuli, mikono mirefu hata kwenye joto, na mabega yangu yana alama ambazo daktari huziangalia kila nikienda. Hadija ndiye hunisindikiza. Tulisameheana bila kusema, siku aliporudi tu kulala upande wangu wa kitanda. Mama ameshafariki. Nilimkasirikia kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, au labda kwa muda uleule aliostahili, sijui. Lakini kuna jioni moja ya nyakati zile ambayo kila nikimfikiria ndiyo hunijia.

Alinipeleka sokoni kununua kofia. Jua lilikuwa limeshuka, soko limejaa. Tulisimama mbele ya mwanamke anayeuza mitumba, kofia zake zimerundikwa juu ya turubai. Mama akachagua moja yenye ukingo mpana, akanivika. Mwanamke yule alinitazama, kisha akamtazama Mama, akauliza juu ya kichwa changu, "Huyu wa nani, Mama Hadija? Wa kulea?"

Mkono wa Mama ulikuwa begani mwangu. Nilihisi vidole vikikaza juu ya ngozi mpya. Wanawake wawili waliokuwa wakichambua masweta waliacha kuchambua. Nikainamisha uso, nikingoja tuondoke.

"Wangu," Mama akasema. Halafu, kwa sauti ambayo hata wauza vitunguu wa pembeni waliisikia: "Wa kuzaa. Huyu ni wa pili."

"Aa, sikujua. Inamtosha kweli?"

"Mimi nitajuaje? Muulize mwenyewe. Anaitwa Rukia."

Mwanamke akainama, akautafuta uso wangu chini ya ule ukingo. Alikuwa na mwanya, na jasho juu ya mdomo. Hakuna mgeni aliyewahi kuja karibu hivyo nikamwona vizuri. "Eti Rukia," akaniuliza, "inakubana?"

Ilikuwa kubwa. Ilinishukia hadi kwenye nyusi, na ingenichukua miaka kuijaza. "Hapana," nikamwambia. "Iko sawa."